Kutoka Kikombe Hadi Kidonge: Historia ya Kichangamshi, na Sisi wa Busia na Malaba



Mwezi huu mtukufu una jambo moja ambalo kila nyumba inalijua: usiku unakuwa mfupi. Futari, Isha, tarawehe, mazungumzo kidogo, na kabla hujageukia ubavu wa pili unasikia watu wakiamshana kwa daku. Asubuhi mwanafunzi anatakiwa darasani, mwenye boda boda anatakiwa steji, na mama mwenye meza ya nguo sokoni anatakiwa apange bidhaa kabla wateja wa ng'ambo hawajavuka. Macho ni mazito. Hapo ndipo anapotokea mtu na kidonge au kopo mkononi, anakwambia: "Chukua hii. Hii si dawa, ni ya asili, imetoka kwenye majani ya chai. Utapata nguvu na akili itatulia."

Utachukua?

Neno linalouza hapo ni moja tu: asili. Ati kikitoka kwenye jani, hakina neno. Kabla hujajibu, hebu tuipitie historia yake. Tutapita Yemen, Makka, Ujerumani, Limuru na mpaka wetu huu. Utaona kwamba kitu kilichomo ndani ya kidonge hicho watu wamekijua kwa zaidi ya miaka 500. Wamekipenda, wamekigombania, wamekivusha mipaka usiku. Na kila mara swali lenye maana limekuwa lile lile: ni kiasi gani, na kwa ajili ya nini?

WALIOKESHA KABLA YETU

Katika karne ya 15, huko Yemen, masufi walikuwa wakikesha kwa dhikri na swala za usiku. Usingizi ukawa adui yao, kama ulivyo adui yako baada ya rakaa ya nane. Mwandishi al-Jaziri, aliyeandika kitabu juu ya kahawa karibu mwaka 1558, anamtaja mwanachuoni wa Aden aitwaye Jamaluddin al-Dhabhani, aliyefariki karibu mwaka 1470. Inaelezwa kwamba shekhe huyo aliwahi kuvuka bahari kuja upande wa Afrika, akawakuta watu wakitumia kahawa. Aliporudi kwao akaugua, akaikumbuka, akainywa, ikamwondolea uchovu na uzito wa mwili. Baada ya hapo masufi wakaanza kuinywa ili wapate wepesi wa ibada za usiku. Kwa hiyo, msomaji, kahawa ni mtoto wa Afrika. Asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia.

Al-Jaziri anaeleza pia jinsi Wayemeni waliokuwa wakisoma Cairo, karibu na Al-Azhar, walivyoinywa. Ilikuwa ni usiku wa kuamkia Jumatatu na usiku wa kuamkia Ijumaa. Kahawa ilitiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, kiongozi wao akachota kwa kata ndogo na kumpa mmoja mmoja, akianzia kulia, huku dhikri ikiendelea. Shika picha hiyo. Chombo ni kimoja, kata ni ndogo, kila mtu anamwona mwenzake anakunywa kiasi gani, na jambo lenyewe ni la siku mbili katika juma. Tutairudia.

Haikuchukua muda, ugomvi ukazuka. Mwaka 1511 ofisa wa dola ya Mamluki mjini Makka, Kha'ir Bey, aliwakuta watu wamekusanyika usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kahawa. Akaitisha kikao cha wanavyuoni na matabibu. Wengine wakasema inabadilisha mwili na akili, wengine wakaitetea. Mwishowe ikapigwa marufuku, na kahawa ikachomwa moto barabarani. Habari zilipofika Cairo, amri ya Sultani iliyorudi haikukiharamisha kinywaji chenyewe. Ilikataza mikusanyiko yenye maovu. Mwaka uliofuata Kha'ir Bey akabadilishwa, na kahawa ikaendelea na safari yake hadi Istanbul, India, na kwenye madele ya kina babu zetu Lamu na Mombasa.

Ukiutazama vizuri ugomvi ule, mjadala haukuishia kwenye kusema "hii ni tunda la mti, basi ni salama." Mvinyo nao ulitoka kwenye tunda. Walijadili kitu kinamfanya nini mnywaji. Walikuwa mbele yetu kwa hilo.

JANI NA BUNI, KITU KIMOJA

Chai ilipita njia nyingine. Ilitoka China, na katika miaka ya 1830 Waingereza wakaanza kuilima Assam, India. Huku kwetu ilifika kwanza Uganda, mwaka 1900, ikapandwa katika bustani ya mimea ya Entebbe. Mwaka 1903 ikapandwa Limuru. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yakafungua mashamba makubwa Kericho. Mkulima mdogo Mwafrika hakupewa nafasi ya kweli katika zao hili hadi miaka ya 1950, na shirika la KTDA likaundwa mwaka 1964, baada ya uhuru. Leo hata kibanda cha mabati pale Malaba kina sufuria ya chai ya maziwa jikoni, na aliyekosa maziwa anakunywa turungi na siku inaendelea.

Wakati chai ikitembea duniani, wanakemia walikuwa wakiuliza: ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu akeshe? Mwaka 1819 Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge akakitenga kitu hicho kutoka kwenye buni. Kikaitwa kafeini. Mwaka 1827 Oudry akatenga kitu kutoka kwenye chai, akadhani ni kingine, akakiita theini. Mwaka 1838 ikathibitika kwamba theini na kafeini ni kitu kimoja. Kumbe wanywaji wa chai na wanywaji wa kahawa, waliokuwa wakitambiana kwa vikombe vyao, walikuwa wakifuata mgeni mmoja!

Chai ina jambo jingine pia. Mwaka 1949 Wajapani walitenga ndani ya majani ya chai ya kijani kitu kiitwacho theanini, ambacho tafiti zinaonyesha kuwa kinasaidia kutuliza akili. Huenda ndiyo sababu wengi husema chai inaamsha taratibu kuliko kahawa. Sababu nyingine ni rahisi zaidi: kikombe cha chai kina kafeini karibu nusu ya kile cha kahawa.

Watengenezaji wa vidonge wameyasoma haya yote. Wanachukua kafeini ya jani, wanachanganya na theanini, na siku hizi kuna pia theakrini, kitu kilichomo kwa wingi katika aina ya chai ya Yunnan, China, iitwayo kucha, yaani chai chungu. Wanapokwambia "imetoka kwenye chai" wanaweza kuwa wanasema kweli kabisa. Lakini hata kahawa ya magendo ilikuwa kahawa ya kweli. Tufike nyumbani sasa.

MPAKA WETU NA BIASHARA YA KUKESHA

Kabla ya mwaka 1902 ardhi hii yote ya kwetu, mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakahamisha jimbo zima la mashariki kulitia upande wa Kenya, na mpaka ukachorwa kati ya ndugu. Wateso wako huku na huku, Wasamia wako huku na huku. Mwaka 1931 reli ikafika Kampala, ikipitia Malaba na Tororo. Busia haikupata reli, ikapata barabara. Miji yote miwili ikaanza kuishi kwa kupitisha mizigo ya watu wengine.

Hapa ndipo lilipozaliwa neno ambalo sasa linasemwa kila mahali: boda boda. Kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda palikuwa na masafa ya kutembea na mzigo kichwani. Vijana wa Busia, kuanzia miaka ya 1960, wakawa wanawapakia watu kwenye baiskeli na kuwavusha, wakiita abiria: boda, boda! Nguvu iliyotumika ilikuwa ya miguu na chai.

Kisha ikaja miaka ya magendo. Julai 1975 baridi kali ilichoma mashamba ya kahawa huko Paraná, Brazil. Dunia ikakosa kahawa, na kufikia mwaka 1977 bei yake ilikuwa imepita dola 3 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Uganda wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin. Mkulima alitakiwa auze kwa bodi ya serikali, kwa shilingi isiyonunua hata sabuni. Upande wa Kenya kulikuwa na sabuni, sukari, chumvi na pesa yenye thamani. Unafikiri kahawa ilielekea wapi?

Ilivuka. Ilivuka kwa mitumbwi ziwani, ilivuka Busia na Malaba, na hasa ilivuka juu kaskazini yetu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mpaka soko la Chepkube upande wa Bungoma. Ilibebwa vichwani, kwa punda na kwa baiskeli, usiku, na watu ambao wakikamatwa walijua yatakayowapata. Amin alikuwa ametoa sheria mwaka 1975 ya makosa ya uchumi, na adhabu yake ilifika hadi kuuawa. Chepkube, kijiji ambacho watu wengi Nairobi hawakuwahi kukisikia, kikafurika malori na mabunda ya noti. Utawala wa Amin ulianguka Aprili 1979, na wakati huo bei ya kahawa duniani ilikuwa imeshashuka. Soko likanyamaza.

Kwa nini nakueleza haya katika makala ya kidonge? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, kitu kinachoamsha watu kina pesa nyingi nyuma yake, na penye pesa nyingi maneno mazuri hayakosi. Ya pili, aliyebeba gunia gizani ndiye aliyebeba hatari, na faida kubwa ilikwenda kwa wenye malori na wenye karatasi. Kidonge nacho kiko hivyo hivyo. Anayekiuza anabeba pesa, na moyo utakaodunda usiku kucha ni wako.

NENO "ASILI" LILIPOUA

Vinywaji vya kuongeza nguvu havikuanza jana. Japani ilikuwa na kichupa chake, Lipovitan D, tangu mwaka 1962. Red Bull iliingia sokoni Austria mwaka 1987, ikiwa imechukuliwa kutoka kinywaji cha Thailand kilichopendwa na madereva na vibarua. Baada ya hapo yakaja makopo ya kila rangi, halafu unga na vidonge.

Miongoni mwa vidonge hivyo vilikuwamo vya efedra. Mmea huu Wachina wanauita ma huang, na wameuchemsha kama chai ya dawa kwa maelfu ya miaka, kwa kikohozi na pumu. Mwaka 1885 mwanakemia Mjapani, Nagai Nagayoshi, alitenga ndani yake efedrini. Katika miaka ya 1990 Marekani ikajaa vidonge vya efedra vya kupunguza uzito na kuongeza nguvu, vingi vikichanganywa na kafeini, na juu ya chupa limeandikwa lile neno: asili. Februari 2003 mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles, Steve Bechler, kijana wa miaka 23, alianguka mazoezini kwa joto kali la mwili, akafa siku iliyofuata. Alikuwa akitumia vidonge vya efedra, na daktari aliyechunguza maiti akavitaja kuwa vilichangia. Mwaka 2004 Marekani ikapiga marufuku vidonge vya aina hiyo.

Mmea haukubadilika. Tabibu wa Kichina aliupima, akampa mgonjwa, kwa ugonjwa maalumu, kwa siku chache. Kiwanda kikaukamua, kikaukusanya, kikampa mtu mzima mwenye afya ameze kila siku afanye mazoezi juani. Kilichobadilika ni kipimo na makusudio.

Kafeini nayo ni hivyo. Kikombe cha chai kina kama miligramu 40 au 50. Kopo la miligramu 250 za kinywaji ni kosa la ulimi ambalo wengi hulifanya: mililita ndizo 250, kafeini ndani yake ni kama miligramu 80. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na 200, yaani vikombe vinne vya chai kwa funda moja la maji. Na unga mtupu wa kafeini ni hatari kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe kama 28 vya kahawa. Nani atakunywa vikombe 28? Tumbo lenyewe litakataa. Ile kata ndogo ya masufi ilikuwa na ulinzi wake: joto, uchungu, maji mengi, na macho ya wenzako. Kidonge kimeondoa ulinzi wote.

Na hiyo theakrini? Tafiti zilizofanywa kwa binadamu bado ni chache, na za watu wachache. Mwenye kukuhakikishia kwamba haina madhara kabisa anajua zaidi ya wanaoichunguza.

INAKUPA NGUVU AU INAKUKOPESHA?

Ubongo wako ukifanya kazi mchana kutwa, kitu kiitwacho adenosini hukusanyika na kukuletea usingizi. Kafeini inakaa pale ambapo adenosini ingekaa, ujumbe wa uchovu usisikike. Uchovu wenyewe haujaenda popote. Ni kama kumziba mdomo mwenye kukudai: deni liko pale pale. Kafeini si chakula, haina nguvu ya kukupa. Ulichokipata ni mkopo, na utaulipa.

Piga hesabu ya Ramadhani. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukimeza miligramu 200 saa tatu usiku ili tarawehe ipite vizuri, saa nane usiku bado una 100 ndani. Hiyo ni kama kunywa vikombe viwili vya chai ndipo ukalale. Utalala vibaya, utaamka daku umechoka, utameza tena. Ndani ya juma moja umekuwa mtumwa wa kidonge katika mwezi wa kujikomboa.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mara moja. Mjamzito na anayenyonyesha wasipite 200 kwa siku. Mwenye presha au moyo wa kudunda ovyo amwone daktari kwanza. Watoto wasipewe vidonge hivi, wala makopo hayo.

Na lile kichwa linalokugonga siku mbili za mwanzo wa funga, ambalo unadhani ni njaa? Mara nyingi ni mwili unaoidai kafeini yake. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na huisha ndani ya siku chache. Dawa yake ni kupunguza vikombe kidogo kidogo tangu Shaaban.

Nasema hivi nikiwafikiria hasa madereva wetu. Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi Busia, karatasi zinapita haraka kuliko zamani. Lakini foleni bado tunazijua, na mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, trela zilijipanga kutoka Malaba kilomita nyingi nyuma. Dereva anayekesha foleni kisha anameza kitu afike Kampala au arudi Mombasa anaendesha tani nyingi za mzigo juu ya deni la usingizi. Mkopo huo ukidaiwa barabarani, wanaolipa ni pamoja na watoto waendao shule kando ya lami.

KAMBA YA BIBI ZAYNAB

Katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka katika swala huishikilia asianguke. Akaamuru ifunguliwe, na akawafundisha kwamba mtu aswali akiwa na uchangamfu, akichoka akae. Na Bibi Aisha (r.a.) amepokea mafundisho kwamba mwenye kusinzia ndani ya swala akalale kwanza usingizi umtoke.

Fikiria: kamba ile ilikuwa kwa ajili ya ibada, tena ya mama wa waumini, na bado iliamriwa ifunguliwe. Sisi tunajifungia kamba za aina gani, na kwa ajili ya mambo gani?

Hatusemi chai ni mbaya. Kunywa chai yako baada ya futari, na tangawizi ukipenda, kaa na wazee wako mnywe pamoja. Lala kidogo baada ya Adhuhuri, hata dakika 20, maana usingizi wa kailula ni sunna na haununuliwi popote. Ukiletewa kidonge au kopo, uliza maswali manne: kina nini ndani, ni miligramu ngapi, nani amekitengeneza, na nimekikosa nini mwilini hata nikihitaji? Kisichokuwa na maandishi ya kujibu hayo, kikiwa kimevuka mpaka kwenye mfuko wa mtu, kirudishe alikokitoa. Na mwenye kukujibu kwa neno "asili" peke yake, mwambie hata magendo ya Chepkube ilikuwa kahawa ya asili.

Mwili ni amana, na usingizi ni haki yake. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu, na atujaalie uchangamfu usiokuwa na deni. Amin.

Ramadhan Karim.